Fizi zako hazikuomba vidonge

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Upepo umeshaanza, na vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Mama yako anasema mbukwa, na ameniagiza niiandike hivyo hivyo, maana anadai tangu uhamie Dar umesahau salamu za kwao.

Juzi ulinipigia ukasema kila ukipiga mswaki unatema damu. Kabla sijafungua mdomo ukaniambia umeshapata dawa: chupa ya vitamini C, vile vidonge vya kutafuna vyenye ladha ya chungwa, na chupa nyingine ya vitamini mchanganyiko, jumla shilingi 45,000. Sikukugombeza kwenye simu kwa sababu mkwe wangu alikuwa karibu. Nakugombeza hapa. Miaka 31 nimekuwa tabibu wa meno, nimechungulia vinywa vya watu mpaka shingo ikapinda, halafu binti yangu mwenyewe, tena mwenye mimba ya miezi mitano, anakwenda kuuliza habari za fizi zake kwa kijana wa duka la dawa.

Kijana huyo hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Ni kweli mtu akikosa vitamini C fizi huvimba, hugeuka rangi ya zambarau na kuvuja damu, na meno hulegea. Ndicho kile kiseyeye mlichosoma shuleni. Mwili unaitumia vitamini hiyo kutengeneza nyuzi zinazoshika nyama pamoja na kulifunga jino kwenye taya. Nyuzi zikikosekana kila kitu kinaachia, hata makovu ya zamani hufumuka. Mabaharia wa Vasco da Gama walikuwa katika hali hiyo walipotia nanga Malindi Januari 1499 wakitoka India, na walichoombewa wagonjwa wao ni machungwa. Hata hivyo Wazungu walichelewa kuelewa. Mwaka 1747 daktari wa meli za Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, akawapa wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili akawapa machungwa na malimau. Hao wawili ndio walioinuka haraka.

Lakini wewe si baharia. Kiseyeye kinataka mtu akae miezi bila tunda wala mboga ya maana, na wewe huwezi kumaliza sahani ya wali bila kachumbari. Damu yako inatoka mahali pengine. Homoni za mimba zinazijaza fizi damu, zinavimba na kuchokozeka upesi. Kinachozichokoza ni ukoga, ule utando laini wa vijidudu unaojibanza pale jino linapokutana na ufizi. Mimba haileti ukoga. Inazifanya fizi zisiuvumilie ule uliokuwepo siku zote. Na nakujua ulivyo mwoga wa damu. Ukiiona unapakwepa pale panapouma, ukoga unazidi, damu nayo inazidi. Piga mswaki hapo hapo, kwa mswaki laini, taratibu, mara mbili kwa siku, na dawa ya meno yenye floraidi. Halafu wiki hii hii nenda kwa daktari wa meno akuondolee ugaga, yaani ukoga ulioganda ukawa mgumu kwenye jino. Mwezi wa tano ni wakati mzuri kabisa, kichefuchefu kimepungua na tumbo bado linakuruhusu kulala kwenye kiti chake. Asikwambie mtu kwamba mjamzito haguswi meno.

Nilishawahi kukosea kama huyo kijana, ndiyo maana nimekuwa mkali hivi. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja fundi baiskeli, fizi zinavuja. Nilikuwa nimetoka chuoni na daftari langu, nikamwandikia vitamini C, nikamwambia ale machungwa. Akala machungwa kweli. Miezi kadhaa baadaye alirudi, meno mawili ya chini mbele yanacheza kama funguo kwenye mnyororo. Nikachukua chuma na kuanza kukwangua nyuma yake. Kilitoka kipande cha ugaga kikubwa kama punje ya mahindi, cha kahawia, kigumu kama jiwe la chumvi, nikakiweka kwenye kiganja chake akakitazama muda mrefu bila kusema neno. Baada ya wiki mbili damu ilikuwa imekata. Yale meno mawili tuliyang'oa mwaka uliofuata.

Kuhusu vile vidonge vya kutafuna: vitamini C ni asidi. Kutafuna asidi kila siku kunalainisha gamba la juu la jino, na gamba hilo halina chembe hai za kulijenga upya likishalika. Na mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini C. Ukizidisha, ziada inakwenda na mkojo. Yaani unalipa elfu ishirini na kitu kwa ajili ya choo.

Nimekufungia ubuyu. Si ule mwekundu unaong'aa sukari, ule ni pipi iliyovaa jina la tunda. Huu ni wa mbuyu wa kwa mjomba wako Chamwino, tumeupasua juzi kwa jiwe pale uani, unga wake bado mweupe kwenye kokwa. Unga huu una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito ule ule. Usiuchemshe kama wafanyavyo wauza juisi, moto unaiua hiyo vitamini. Chemsha maji peke yake, yapoe, ndipo uloweke ubuyu. Ukishakunywa sukutua kwa maji, na usipige mswaki mpaka ipite nusu saa, maana nao ni mchachu. Fanya hivyo hivyo ukitapika asubuhi.

Sasa nikuambie kinachonitia wasiwasi kuliko hiyo damu. Ulipokuja kututembelea nilikutazama ulimi ukiwa unacheka. Ulikuwa umepauka, kama wa mtu aliyepungukiwa damu. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo.

Kuna mama mmoja alinijia na jino la kung'oa. Pembe za midomo yake zilikuwa zimepasuka pande zote mbili, ameshapaka mafuta ya kila aina. Nilipomwambia atoe ulimi, ulikuwa laini, vile vipele vidogo vya juu vimefutika, unateleza kama kokoto la mtoni. Sikuling'oa lile jino siku ile. Nilimpeleka kwanza maabara apimwe damu, na ilikuwa chini kiasi kwamba daktari alimlaza. Midomo kupasuka hivyo na ulimi kuwa laini vinaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini chuma, au wa vitamini za kundi B, ingawa pembe za midomo hupasuka pia kwa fangasi. Hapo macho yangu hayatoshi, wala ya mwenye duka la dawa. Ni kipimo cha damu.

Kwa hiyo vile vidonge vya kuongeza damu wanavyokupa kliniki bure, ambavyo mama yako anasema umeviacha kwa sababu vinakutia kichefuchefu, ndivyo vidonge unavyovihitaji. Vina madini chuma na asidi ya foliki. Kinyesi kikiwa cheusi usishtuke. Meza usiku baada ya chakula ukiona asubuhi vinakushinda, na ushushie na ubuyu, kwa kuwa vitamini C inasaidia madini chuma yafyonzwe. Chai inafanya kinyume. Hilo la chai ya rangi juu ya ugali na mchicha umelirithi kwangu, nami nakuomba msamaha. Isubiri saa moja au mbili. Na mwambie mkwe wangu kwamba dona si chakula cha wafungwa. Sembe nyeupe imekobolewa ikaachia kinuni sehemu kubwa ya madini na vitamini B.

Halafu udongo. Mama yako aliiona ile pemba kwenye mkoba wako. Hamu ya udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unazuia madini chuma yasifyonzwe, kwa hiyo unazunguka kwenye duara. Unasaga na meno pia. Waambie kliniki, hawatakucheka, nusu ya foleni wanao.

Mama mkwe wako amekuambia kila mtoto huondoka na jino moja la mama yake. Mheshimu, ila hapo si kweli. Mtoto akikosa kalsiamu kwenye chakula chako, mwili unakopa kwenye mifupa yako. Jino halikopeshi. Wamama hupoteza meno kwa sababu ya fizi zisizotunzwa, matapishi, na kuogopa kwenda kutibiwa. Lakini meno ya utotoni ya huyo mjukuu wangu yameshaanza kukomaa ndani ya taya zake tangu kama mwezi wa nne wa mimba, hivyo kula kalsiamu. Maziwa, mtindi, dagaa wazima na mifupa yao, mlenda. Na utoke ofisini ukaote jua kidogo, maana kalsiamu bila vitamini D haifyonzwi vizuri, na vitamini D mwili unaitengeneza ngozi ikipigwa na jua. Kiyoyozi cha Posta hakikupi.

Ile chupa ya vitamini mchanganyiko usiimeze kabla ya kumwonyesha muuguzi wa kliniki. Asome ina vitamini A kiasi gani. Ikipungua mtu haoni vizuri gizani, lakini ikizidi sana kwa mjamzito, ile ya vidonge na ya maini, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ya karoti, mchicha na viazi lishe haina shida hiyo.

La mwisho ni la bibi yako wa Singida, wajina wako. Ameshapanga ukijifungua uende ukakae kwake. Nenda. Ila nakukumbusha meno yangu.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini meno ya baba ni ya kahawia na wewe una meno meupe. Nilikuambia ni kahawa. Ukweli ni maji ya kisima. Sehemu kadhaa za Singida, kama Arusha na Manyara na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, maji ya ardhini yanatoka kwenye miamba yenye floraidi nyingi. Kijijini kwetu wote tulikuwa hivyo, hakuna aliyejiona. Nilijua nina kasoro siku ya kwanza bwenini, mvulana mmoja aliponiita mla tumbaku. Nikasugua meno kwa majivu na mchanga muhula mzima. Rangi haikutoka, kwa sababu haikuwa uchafu. Iliingia jino lilipokuwa linajengwa ndani ya taya, miaka mingi kabla ya yule mvulana.

Floraidi ile ile kidogo, kama ya kwenye dawa ya meno, inaimarisha gamba la jino. Nyingi kwenye maji ya kunywa, zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, inaliharibu jino la mtoto, na ikiwa nyingi mno kwa miaka mingi inaharibu hata mifupa. Meno ya mbele ya ukubwani ya mtoto hujengwa toka miezi yake ya kwanza mpaka miaka minne au mitano. Kwa hiyo miezi sita ya kwanza mpe ziwa tu. Hata ukinywa maji yale, floraidi inayopita kwenye maziwa yako ni kidogo sana. Baada ya hapo uji wake upikwe kwa maji ya mvua, bibi ana tangi. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki, inakuwa kali zaidi. Na mlenda wa mtoto usitiwe magadi. Magadi mengi yana floraidi, tena yanaua vitamini kwenye mboga. Bibi atanung'unika, mwambie nimesema mimi. Chumvi pia iwe ya pakiti yenye madini joto, si ile ya kuokota.

Mtoto akiharisha au akipata homa atatokea mtu aseme ana meno ya plastiki yang'olewe. Ni vichipukizi vya meno ya kawaida. Nimeona watoto waliochokonolewa fizi kwa spoku ya baiskeli. Mbebe mtoto uende zahanati.

Mzigo anakuja nao mama mdogo wako, anashuka na treni Jumatano. Ubuyu uko kwenye mfuko wa kaki, mlenda mkavu kwenye kopo la maziwa, karanga ni za mkwe wangu. Nipigie ukitoka kwa daktari wa meno unieleze amekuta ugaga kiasi gani, usinipunguzie. Ila si saa mbili usiku, mama yako anasikiliza taarifa ya habari.

Baba yako