Leta barua ya idara kwanza, bastola tutaipata

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja aliweka risiti yetu juu ya kaunta ya duka letu la bunduki, akaipiga kwa kidole na kuniuliza kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wateja wengine: "Wewe ni mtu wa nyumbani, mbona unatukamua hivi?" Mwanawe amepata kazi ya polisi katika mji mdogo hapa kaskazini mwa Texas. Mzee alikuwa ameona bastola ileile mtandaoni kwa dola 499. Kwetu hesabu ilikuwa dola 896 kabla ya kodi.

Nilimpa kiti na chai, lakini maneno yale yaliniuma, na si mara ya kwanza kuyasikia. Kwa hiyo leo naeleza yote hapa, ili atakayekuja kesho aje anajua.

Wazazi wetu wengi hawaelewi hata kwa nini kijana ananunua bunduki mwenyewe. Nyumbani Kenya askari huchukua silaha ghalani, anasaini, na zamu ikiisha anairudisha. Marekani kila idara ina utaratibu wake. Nyingi zinampa afisa bastola. Nyingine, zikiwemo kubwa kama ya Chicago, zina orodha ya bastola zinazokubaliwa, na afisa anajinunulia kutoka kwenye orodha hiyo. Idara za miji midogo ndizo zinazotuletea wateja wengi, na orodha zao hazifanani. Moja inataka risasi ya milimita 9 peke yake, nyingine inakubali zaidi. Moja inaruhusu kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu juu ya bastola, jirani yake hairuhusu. Ndiyo maana swali letu la kwanza kwa kila kijana ni barua ya idara, au karatasi yoyote iliyoorodhesha vifaa. Hatuulizi kwanza una pesa ngapi. Bila karatasi hiyo hatuuzi bastola ya kazi, hata ukiniwekea pesa taslimu mezani. Kuna waliokasirika wakaenda duka jingine. Wawili kati yao wamerudi na bastola nzuri kabisa ambayo haimo kwenye orodha yao, wakitaka niinunue. Bastola ikishatoka dukani ni mitumba, na bei yake ni ya mitumba.

Sasa hesabu ya mzee. Bastola ilikuwa dola 539, saizi ya kati, aina ya Glock 19, inayobeba risasi 15 kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Ile ya 499 ya mtandaoni haiji mlangoni kama viatu. Sheria inataka ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, mnunuzi ajaze fomu 4473, fomu ya serikali ya kununua bunduki, na kukaguliwa rekodi yake, na muuzaji huyo anatoza ada yake juu ya gharama ya usafirishaji. Ukijumlisha, tofauti yetu ni ndogo sana. Kilichobaki kwenye risiti ni holsta, yaani ala ya bastola ya kuvaa kiunoni, dola 168, mikanda miwili, wa ndani na wa nje, dola 84, mkoba wa magazini mbili dola 45, na boksi nne za risasi za mazoezi dola 60. Hakuna hata kimoja ambacho barua ya kijana haikukitaja. Mzee alikuwa analinganisha bei ya ng'ombe na bei ya ng'ombe aliyechinjwa, akachunwa na kupikwa.

Anayetaka kupunguza gharama karibu kila mara anaanzia kwenye holsta. Mwaka jana aliingia kijana wa ulinzi wa kampuni, ndiyo kwanza amevuka kwenda polisi. Alikuwa na holsta ya kitambaa ya dola 25, na alitaka tumuuzie mkanda tu. Nilimwomba aitoe bastola, tukahakikisha ni tupu, tukakagua tena kwa kidole, kisha nikamwambia airudishe kwenye ala polepole mbele ya kioo. Mdomo wa kitambaa ulikuwa umelegea kwa jasho na matumizi. Ukingo mmoja ulijikunja ndani na kuingia katika tundu la kifyatuo. Aliendelea kusukuma, na tukasikia *tak*. Kitambaa kilikuwa kimevuta kifyatuo. Kijana alibaki amesimama, mkono bado uko kiunoni, akiangalia paja lake. Kama ingekuwa na risasi ndani, risasi hiyo ingepita kwenye nyama ya paja, karibu na mshipa mkubwa wa damu.

Holsta ya kazi ya polisi ni ya plastiki ngumu, imefinyangwa kwa umbo la bastola hiyohiyo, na mdomo wake haukunjiki. Inafunika kifyatuo chote. Tena ina vizuizi: mara nyingi mvaaji lazima afanye kitendo zaidi ya kimoja kwa kidole gumba ndipo silaha itoke, ili mtu wa nyuma yake kwenye vurugu asiweze kuichomoa. Ukifunga tochi kwenye bastola, holsta inabadilika pia, kwa kuwa inafinyangwa kwa bastola na tochi pamoja. Wengi hununua holsta leo na tochi mwezi ujao, kisha wananiletea holsta wakidai nimewauzia isiyoingia. Niliuliza siku ya kwanza kama kutakuwa na tochi. Nauliza kila mara, na jibu naliandika kwenye risiti.

Hata holsta nzuri haimalizi yote. Kamba ya jaketi yenye kidude cha plastiki mwishoni inaweza kuingia pamoja na bastola na kufanya kazi ileile ya kitambaa. Wateja wangu wa zamu ya usiku nawaambia wakate kamba hizo wakishanunua jaketi. Na kurudisha bastola kwenye ala hakuna haraka. Kuitoa ndiko kunakoweza kuwa na haraka.

Baada ya holsta ni mkono. Hapa ndipo akina mjomba wanapotuharibia kazi. Dada mmoja aliyekulia Bukavu alikuja na bastola kubwa ya .45 (upana wa risasi kwa inchi) aliyochaguliwa na mjomba wake, kwa sababu "ndogo haziangushi mtu." Alikuwa ameshafeli jaribio la shabaha la mazoezi, risasi zote zinakwenda chini kushoto. Nilimpa ashike ikiwa tupu. Ncha tu ya kidole ndiyo iliyofika kwenye kifyatuo. Ili afikie vizuri ilibidi azungushe mpini kiganjani, na teke la bastola likawa linaishia kwenye kifundo cha kidole gumba badala ya kupita katikati ya mkono. Kwa hiyo kabla risasi haijatoka alikuwa ameshaanza kujikaza. Bastola nyingi za siku hizi zinabadilishwa mgongo wa mpini. Glock walianza hivyo na kizazi cha nne mwaka 2010. Nilichukua ya milimita 9, nikang'oa pini moja, nikaiacha bila mgongo wa ziada. Nyama ya kidole ikakaa sawasawa juu ya kifyatuo, na mstari wa mtutu ukafuata mstari wa mkono. Kazi hiyo ilichukua dakika sita na sikumtoza kitu. Alifaulu jaribio wiki iliyofuata, na magazini ya mazoezi aliyoniletea kama zawadi bado iko kwenye rafu.

Kuhusu maneno ya mjomba, yana historia. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maafisa wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walirushiana risasi na majambazi wawili. Maafisa wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya milimita 9 ilimpata jambazi mmoja lakini haikufika moyoni, na akaendelea kupigana. Baada ya hapo FBI wakaenda kwenye milimita 10, kisha .40, na polisi wengi wakawafuata. Lakini risasi zenyewe ziliboreshwa. FBI wanazipima kwenye jelatini na wanataka ziingie kati ya inchi 12 na 18, na za kisasa za milimita 9 zinafika hapo kwa teke dogo zaidi. Katikati ya miaka ya 2010 FBI wenyewe wakarudi kwenye milimita 9. Afisa mpya anayepiga vizuri kwa milimita 9 ana silaha ya kutosha. Asiyelenga vizuri kwa .45 ana kelele tu.

Njia nyingine ya mkato ni vifaa vya kulainisha kifyatuo vinavyouzwa mtandaoni. Tafadhali, si kwa bastola ya kazi. Kijana mmoja alitazama video, akabadilisha mwenyewe jikoni kwao, na vipande vya kiwandani akavitupa. Fundi wa silaha wa idara yake aliifungua siku ya ukaguzi na kumrudishia. Ilibidi tuagize vipande vyote upya, tuviweke, tuipime na tumwandikie karatasi. Alilipa karibu mara tatu ya kile kifaa.

Sasa jambo linaloniumiza moyo kuliko yote. Baadhi ya viwanda vina bei nafuu kwa maafisa wa polisi, na kila mwezi kuna anayetaka kuitumia kumnunulia binamu. Mwaka 2009 Bruce Abramski, aliyekuwa zamani afisa wa polisi Virginia, alimnunulia mjomba wake Glock 19 kwa hundi ya mjomba, akidhani kitambulisho chake cha zamani kingempa punguzo. Kwenye fomu alijibu kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi. Mjomba alikuwa mtu safi, aliyeruhusiwa kununua mwenyewe. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2014, kwa majaji 5 dhidi ya 4, hukumu dhidi yake ikathibitishwa. Kwetu sisi, ambapo mjomba na mpwa wanachangiana kila kitu, jambo hili linaonekana dogo. Kwa afisa mpya ni mwisho wa kazi kabla haijaanza. Kwa hiyo nikiona pesa zinatoka mkono mmoja na fomu inajazwa na mkono mwingine, nasimamisha biashara papo hapo. Mtu akitaka kweli kumpa mwanawe zawadi kwa pesa zake mwenyewe, hilo ni jambo tofauti. Njoo tuzungumze kabla ya kujaza chochote.

Bastola zilizostaafu polisi tunaziuza pia, na nyingi ni nzuri. Lakini saiti zake (alama za kulengea) zinazong'aa gizani zinatumia tritiamu, ambayo hupoteza nusu ya nguvu yake kwa miaka 12 na kidogo. Bastola ya miaka 15 itang'aa kwa shida. Weka gharama ya saiti mpya na springi kwenye hesabu tangu mwanzo.

Na kwa waliokwisha kuanza kazi: wale wanaotoa risasi iliyo tayari ndani ya mtutu kila usiku na kuirudisha ileile asubuhi, leteni risasi hiyo niiangalie. Wiki jana nilisimamisha mbili juu ya kioo cha kaunta, moja mpya na moja ya afisa wa miezi minane. Ya kwake ilikuwa fupi, unaona kwa macho tu. Kichwa kilikuwa kimesukumwa ndani ya ganda kwa kukokiwa mara nyingi. Risasi ya namna hiyo hupandisha shinikizo ndani ya mtutu na inaweza kupasua silaha mkononi. Kuipima ni bure, na kuitupa salama ni bure.

Mzee yule alirudi Jumamosi na mwanawe. Tulitumia saa moja na nusu, na mkanda tuliubadilisha mara mbili kwa sababu kijana ni mwembamba na holsta ilikuwa inayumba. Risiti ilibaki dola 896. Tuko wazi Jumanne hadi Jumamosi. Njoo na barua ya idara, kitambulisho, kadi ya ukaaji kama wewe si raia, na viatu vya kazi utakavyovaa, kwa sababu urefu wa kisigino hubadilisha mahali holsta inapokaa.