Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Sayansi ya Bahari kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha, na tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwenye meza yetu ya maonyesho ipo chupa ambayo muhula mzima ilibandikwa jina "sifongo". Tulikosea. Siku tulipokata kipande chake na kukitia kwenye hadubini, tuliona vijinyota vya chokaa vimejaa ndani ya nyama, na vitundu vingi, kila kimoja mdomo wa mnyama wake. Kumbe alikuwa asidia, mnyama wa baharini, tena wa koloni: mamia ya wanyama wadogo wanaoishi ndani ya joho moja lenye selulosi, ileile tuijuayo kwenye mimea.

Waliotutangulia nao walipotea hapo. Asidia walihesabiwa zamani pamoja na moluska, kundi la konokono na pweza. Mwaka 1816 mwanasayansi Mfaransa Savigny alionyesha kuwa baadhi ya waliodhaniwa mnyama mmoja ni kundi zima, na mwaka 1866 mwanasayansi Mrusi Kowalevsky alichunguza viluwiluwi vyao akakuta mkiani notokodi, ule ufito ambao hata sisi huwa nao tukiwa tumboni mwa mama. Ukoko ule uliogandia mwambani ni ndugu yetu wa karibu kuliko pweza! Tuliposoma hayo, darasa lilinyamaza.

Leo zinajulikana spishi zipatazo 3,000, katika oda tatu, yaani makundi makubwa matatu, zinazotenganishwa hasa kwa umbo la kifuko cha matamvua, kiungo cha kupumulia. Koloni zimo katika oda zote tatu, kwa hiyo kuishi kwa kundi hakutoshi kumtambulisha mnyama. Botryllus, asidia wa koloni ambaye wanyama wake wadogo hujipanga kama petali za ua, hayumo oda moja na Didemnum, naye wa koloni.

Kiluwiluwi cha koloni huogelea dakika chache, au saa chache, kisha hujishika mahali na kupoteza mkia. Kwa hiyo asidia hawezi kuvuka bahari kwa nguvu zake. Huvushwa akiwa amejishika kwenye matumbo ya meli, yaani sehemu zake za chini, kwenye kamba za kufungia, na kwenye chaza wanaohamishwa kwa ufugaji. Na koloni ikikatika, kipande huweza kujishika upya na kukua.

Mfano unaotuumiza wa asidia aliyevushwa hivyo ni Didemnum vexillum. Mwanasayansi Patricia Kott alimpa jina mwaka 2002 kutokana na sampuli za New Zealand, akadhaniwa mwenyeji wa huko. Baadaye ushahidi wa vinasaba ulielekeza asili yake Japani. Wakati huo alikwisha kutandaa juu ya changarawe ya Georges Bank, kilima cha chini ya bahari mashariki mwa Marekani, kwenye eneo la kilomita za mraba 230 hivi. Katika bandari ya Holyhead, Wales, wazamiaji walifunika magati yanayoelea kwa plastiki ili wamuue, naye akarudi. Asiyejulikana jina hupita mlangoni kama mwenyeji.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni vifaa: tuna hadubini moja kwa wanachama wote. Tunaomba utusaidie kupata nyingine mbili. Tunaomba pia utufikishie sauti kwa wenye vyombo, wakwangue matumbo ya vyombo vyao nchi kavu, na makombo yasirudishwe majini.

Naomba kuwasilisha.