Stanley alikuwa mtoto wa Denbigh

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nisahihishe jambo ambalo magazeti yetu yamelirudia kwa miaka mingi, yaani kumwita Henry Morton Stanley, yule mpelelezi aliyesafiri bara la Afrika, Mwingereza au Mmarekani na kuishia hapo. Stanley alizaliwa Denbigh, mji mdogo wa kaskazini mwa Wales, Januari 28, 1841. Jina lake lilikuwa John Rowlands, na lugha aliyokua nayo ni Kiwelisi.

Nimewahi kufika katika mji huo. Ukipanda mlima kutoka barabara kuu unaikuta ngome ambayo Henry de Lacy, bwana mkubwa wa Kiingereza, alianza kuijenga mwaka 1282, baada ya Mfalme Edward I wa Uingereza kuyateka makao ya Dafydd ap Gruffudd, wa ukoo wa watawala wa Wales, yaliyokuwa papo hapo. Kwa hiyo mji wenyewe ulijengwa ili kuwatawala Wawelisi katika nchi yao. Karibu na ngome umesimama mnara wa kanisa la Mtakatifu Hilary, ambalo lenyewe limekwisha kubomolewa, na ni katika daftari la kanisa hilo mtoto yule aliandikwa kuwa mwanaharamu. Alilelewa na babu yake, Moses Parry, aliyekuwa mchinjaji. Babu alipofariki, mtoto aliwekwa kwa watu waliolipwa kumtunza, na malipo yalipokoma, akiwa na miaka 6, alipelekwa katika nyumba ya mafukara ya St Asaph, mji wa jirani, huku akidanganywa, kama alivyosimulia mwenyewe, kwamba anakwenda kwa ndugu wa mama yake. Alitoka humo mwaka 1856. Baadaye alikaa kweli kwa ndugu huyo katika kijiji cha Tremeirchion, akichunga kondoo.

Nayaeleza haya si kwa kumtetea. Linaniuma kwamba mtoto wa watu waliotekwa, tena aliyetupwa na jamaa zake, ndiye aliyekuja kumtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji katika kuitwaa Kongo. Asiyeijua Denbigh hawezi kuupima uzito wa jambo hilo.

Mwaka 2011 mji ulimsimamishia sanamu ya shaba mbele ya maktaba, akiwa amenyosha mkono kana kwamba anamsalimia mmisionari David Livingstone, aliyekwenda kumtafuta kule Ujiji. Mwaka 2021 wenyeji walipigia kura hatima yake: 471 walitaka ibaki, 121 walitaka iondolewe. Naiheshimu kura yao, kwa kuwa mji ni wao. Lakini Ujiji ni kwetu, na Stanley hakufika huko peke yake. Msafara wa 1871 uliotoka Bagamoyo ulikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyezijua njia za bara kabla Stanley hajakanyaga Unguja. Safari ya pili ilikuwa na Manwa Sera, na Uledi aliyeshika usukani wa mashua, na kijana Kalulu, aliyekufa maji katika maporomoko ya Mto Kongo mwaka 1877.

Ninawasihi watunza historia wa Denbigh wayaandike majina hayo karibu na sanamu ile. Nawe Mhariri, gazeti lako litakapoandika tena habari za Ujiji, tafadhali lianze na Bombay.

Wako msomaji,
Bagamoyo