Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama chetu cha wakusanyaji wa vitabu vya kale hakikununua kitabu hata kimoja, na kwa kuwa baadhi yenu mmeuliza sababu, nimeona taarifa hii ianzie hapo.

Fedha za mfuko tulizielekeza kwenye kitabu kimoja tu, Kalendarium, yaani kalenda ya mwendo wa jua na mwezi, ya mwanafalaki Mjerumani Johannes Müller, ajulikanaye zaidi kwa jina la Regiomontanus, katika chapa iliyotolewa Venice mwaka 1476 na Erhard Ratdolt na wenzake wawili. Mtungaji mwenyewe alikwisha kuichapisha Nürnberg mwaka 1474, kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Hata hivyo, chapa ya Venice ndiyo huwavuta zaidi wakusanyaji, kwa sababu ukurasa wake wa kwanza una shairi la kukisifu kitabu, mwaka na majina ya wachapaji, vyote vikizungukwa na pambo la kuchongwa, wakati ambapo vitabu vya siku zile kwa kawaida viliacha habari za mchapaji hadi maneno ya mwisho.

Nakala tuliyoletewa ilikuwa na ukurasa huo, tena safi. Kilichotuzuia ni kurasa za mwishoni, ambazo kwangu ndizo moyo wa kitabu. Kalenda hii huonesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu kwa mizunguko mitatu ya miaka 19 kuanzia 1475, na hutabiri kupatwa kwa jua na mwezi hadi mwaka 1530. Kisha humpa msomaji zana nne za kutumia kwa mikono yake. Mojawapo, ya kufuatia mwendo wa mwezi, ina visahani vya karatasi vinavyozungushwa. Nyingine hupima saa kwa kuugawa mchana sehemu 12 tangu macheo hadi machweo, hesabu ambayo sisi tunaoanza saa moja baada ya jua kuchomoza hatuhitaji kufafanuliwa sana. Tulipopitisha mwanga nyuma ya visahani, hatukuona mistari ya waya, yaani alama zinazoachwa na waya za chombo cha kutengenezea karatasi ya zamani, iliyoonekana katika kurasa nyingine: vilikuwa vimetengenezwa upya, na muuzaji hakuyaandika hayo katika maelezo yake. Kamati iliirudisha nakala, nami nilikubaliana nayo kwa moyo wote.

Katika vikao vya masomo tulijadili pia jedwali la sayari lililochapwa Mainz, Ujerumani, kwa herufi za Gutenberg, mwanzilishi wa uchapaji wa herufi za kupangwa huko Ulaya. Kwa kuwa hesabu zake ni za mwaka 1448, kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa lilichapwa kabla ya mwaka huo, hadi uchunguzi wa herufi zenyewe ulipolisogeza hadi karibu na 1457 au 1458. Nawasihi wanaoanza kukusanya walikumbuke jedwali hilo kila wanapokutana na kalenda isiyotaja mwaka wa kuchapwa.

Mfuko umebaki kama ulivyokuwa. Naomba mkutano uiruhusu kamati kununua, mwakani, nakala ya chapa yoyote ya Kalendarium iliyotolewa kabla ya 1500, hata ikiwa jalada lake limechakaa na pembezoni pameandikwa kwa wino, mradi visahani vyake viwe vya asili, au kama si vya asili, muuzaji awe amesema hivyo kwa maandishi.