Mama, zile karatasi usizichome

Jackson, Mississippi

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila joto la huku limenifanya niikumbuke hata ile baridi ya Julai niliyokuwa nikiilalamikia.

Tangu uniambie kwenye simu kwamba umechoka na makaratasi ya kesi ya Baraka na utayawashia jiko, sijalala vizuri. Najua umezungushwa. Kila ukienda wanakwambia faili haionekani, rudi wiki ijayo, na nauli ya kutoka Kayole hadi mjini haiokotwi. Najua pia Baraka mwenyewe, tangu avunjwe mkono kwa rungu kwenye yale maandamano, anasema yaishe tu.

Hapa mjini kuna nyumba ndogo isiyo na mlango wa mbele. Mlango uko ubavuni, hapo gari linapoegeshwa. Mwenyewe, Medgar Evers, alitaka hivyo kwa usalama, maana alikuwa akihimiza watu weusi wajiandikishe kupiga kura na alijua anawindwa. Watoto walifundishwa kujitupa sakafuni wakisikia mlio. Usiku wa tarehe 12 Juni 1963 aliteremka garini akapigwa risasi ya mgongo. Jumamosi nilisimama nje nikapatazama. Kutoka garini hadi mlangoni ni hatua chache, Mama. Chache mno.

Bunduki ilipatikana, ina alama ya kidole cha mzungu mbaguzi, Byron De La Beckwith. Mwaka wa 1964 alishtakiwa mara mbili, na mara zote mbili wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua kesi kortini, wazungu wanaume watupu, hawakuafikiana. Akaenda zake nyumbani. Kesi ilipofufuliwa baadaye, kumbukumbu za kortini hazikuonekana. Umesikia? Kumbe hata huku faili hupotea! Ila mjane wake, Myrlie, alikuwa na nakala yake, ameitunza miaka yote hiyo. Akaitoa. Februari 1994 Beckwith akahukumiwa kifungo cha maisha, akafa mwaka wa 2001 akiwa mfungwa.

Na usiseme hayo ni ya Wamarekani. Huko kwetu Kenya, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri waliuawa Juni 2016. Julai 2022 ndipo maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao walipopatikana na hatia. Miaka sita, na hiyo ni kesi iliyofuatwa na nchi nzima. Ya kwetu inafuatwa na wewe peke yako, kwa matatu.

Basi fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha, ile karatasi yenye namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, eksirei na risiti za hospitali, zikunje ndani ya gazeti uzitie kwenye sanduku langu la bati la shule. Kwanza Shiro azipige picha zote, mbele na nyuma, anitumie. Lile shati pia usilifue.

Nimetuma kitu kidogo cha nauli kwa M-Pesa. Kufuli ya sanduku hukwama, itie mafuta ya taa kidogo.

Mwanao,
Njeri