Risala ya sisi wavuta waya wa fedha kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, masonara wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, vijana, na majirani wa hapa Mji wa Kale tunaowaamsha kwa nyundo kila siku, asalam aleikum na hamjambo nyote. Karibu sana mheshimiwa. Tumefurahi umefika, tena umefika siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi.

Historia hatutairefusha. Tulianza watu watano na koleo moja na bangili iliyovunjika ya bibi yake mweka hazina, leo tuko 14. Mafanikio ni mengi sana. Pete zetu zimefika Ujerumani, yaani kuna mtalii alinunua mbili pale nje ya Ngome akasema anarudi kwao. Vijana tumefunza sita, wanne bado wako.

Sasa mheshimiwa tuje kwenye lililotuleta. Sisi waya hatununui, twavuta wenyewe kwa mkono. Twayeyusha fedha chakavu, twamimina iwe kifimbo, twakigonga kipungue, ndio kiingie kwenye bamba la chuma lenye matundu, tundu kubwa mpaka dogo, unachonga ncha, unapaka nta, unashika na koleo unavuta, na tundu haliruki mtu. Kifimbo cha milimita 3 chenye urefu wa sentimita 20 kikifika milimita 1 kinakuwa mita 1 na sentimita 80, na fedha ni ile ile haijaongezwa kitu. Kila baada ya matundu machache fedha inakaza, lazima irudi motoni ilainike, ukiwa na haraka inakatika na mvutaji anakaa chini bila kupenda. Waya huo ndio tunasuka herini na vikuku vya kileo, vile wasichana wa siku hizi wanataka, vyepesi, si ile mizigo ya masikio ya zamani (wazee mtusamehe).

Shida ni kwamba bamba tunalo moja na matundu yake yamelika, waya unatoka na michirizi. Na benchi ya kuvutia waya hatuna. Mmoja anabana bamba kwenye jiriwa, mwingine anajifunga mkanda kiunoni na koleo anarudi nyuma nyuma, chumba kinaisha, anatoka mlangoni mpaka kichochoroni, mwenzake kule nje anasimamisha bodaboda! Na ukisimama katikati ushike upya, meno ya koleo yanaacha alama, kipande hicho chakatwa kinarudi kuyeyushwa. Benchi yenye mkono wa kuzungusha na mnyororo inavuta mfululizo, mtu mmoja, ndani ya chumba, kwisha.

Ombi hili si geni, mheshimiwa. Mwaka juzi mgeni rasmi wetu alisimama hapo hapo ulipo, akashika koleo, akavuta kama nusu futi, tukapiga makofi, akapigwa picha, akasema "hilo niachieni mimi". Tukamwachia. Mpaka leo tumemwachia. Mwaka jana aliyekuja alisikiliza kwa makini sana, baada ya miezi minne ikaletwa cherehani. Tunashukuru kwa dhati, cherehani ni nzima kabisa, ndiyo ile pale yenye chupa za chai juu.

Basi mwaka huu tumeona tusitaje tu, tumechora. Nyuma ya karatasi hii kuna picha ya benchi na vipimo vyake, na mabamba mawili, moja la matundu ya duara na moja la mraba, na fundi wa kuchomelea hiyo fremu yuko hapa hapa mtaani, anasubiri malipo ya kwanza tu.

Kabla ya chai, mheshimiwa, tunaomba utie sahihi kwenye daftari la wageni. Kuna safu ya jina, safu ya ahadi na safu ya tarehe ya kutimiza. Waliotangulia hiyo ya mwisho waliiacha wazi, kalamu iliisha wino. Leo tumenunua mpya, mbili.

Ni sisi wako,
Katibu, kwa niaba ya wanakikundi