Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: vyuma vya Liemba visiuzwe

Mheshimiwa Waziri,

YAH: VITU VITAKAVYONG'OLEWA KWENYE MV LIEMBA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Siombi Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, igeuzwe makumbusho kesho asubuhi. Vijiji vingi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, havina gati. Ikiwa safarini, meli hupiga honi ikasimama mbali na ufukwe, mitumbwi ikaikimbilia, mama mwenye mtoto mgongoni akashukia mlango wa ubavuni huku magunia ya dagaa yakipandishwa papo hapo. Meli ya kazi hiyo huifungi kamba ili watalii wapige picha.

Ombi langu ni dogo zaidi. Meli iliyoundwa mwaka 1913 haikarabatiwi bila kutoa vitu: mabati, ribiti (misumari ya kuungia mabati), mabomba, hata milango ya vyumba. Vitu hivyo visiishie kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Historia unaifahamu, ila niirudie kwa faida ya wengine. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungashwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupanda Reli ya Kati hadi Kigoma. Februari 1915 ikashushwa majini ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe, karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani, baada ya kuzipaka injini grisi nzito zisiote kutu. Walidhani watarudi kuichukua! Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, kwa injini zilezile za mvuke. Grisi ile ilikuwa grisi kweli.

Miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, dizeli ikaingia. Nimekulia Ujiji, na sijawahi kuoneshwa hata kipande cha injini zile. Uganda nako, meli ya mvuke Robert Coryndon iliachwa Butiaba, Ziwa Albert, ikaliwa na kutu kwa miongo kadhaa, mwisho ikakatwakatwa chuma chakavu. Wenzetu wa Peru wana Yavari, meli ya Ziwa Titicaca iliyopandishwa milimani kwa vipande mgongoni mwa nyumbu, na iliyowahi kuchemshiwa maji kwa mavi makavu ya llama, mnyama wa mizigo wa huko. Wameitunza, ikawa makumbusho.

Mheshimiwa, chumba kimoja jirani na stesheni ya Kigoma kinatosha kuanzia, kwa kuwa masanduku yale yalishukia hapo hapo mjini. Kila kitu kinachotolewa kiandikwe na kihifadhiwe. Mabaharia wastaafu warekodiwe sauti wangali hai. Wengine wanakumbuka mwaka 1997, Liemba na meli mwenzake Mwongozo ziliporudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Makumbusho yatakayosimulia maofisa wa Kijerumani tu, yakawasahau watu wa huku waliogonga ribiti na kutupa kuni tanurini, mimi sitayalipia kiingilio.

Na kama vipo vilivyokwisha kutolewa, tunaomba tuambiwe viko wapi, na nani anavitunza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Ujiji

Nakala: Mkuu wa Mkoa, Kigoma